Mbung'o Hawazai: Tatizo Liko kwa Bakteria, kwenye Seli, au Njiani?

Kizimba kinaweza kuonekana hakina neno. Mbung'o wananyonya damu, wanaruka, vifo ni vya kawaida, lakini trei ya chini haina pupa, ile hatua ya katikati ya buu na nzi. Au pupa wapo, ila ukiwapima ni wepesi kuliko wa mwezi uliopita. Anayefuga mbung'o maabara hukimbilia kipimajoto, na hakosei. Lakini ziko sababu nyingine zinazojificha ndani ya utumbo wa nzi mwenyewe, kwenye seli zinazofuga bakteria ambao wasipokuwapo jike hazai. Mwongozo huu unazifuata sababu hizo, dalili moja baada ya nyingine. Mifano mingi ni ya Glossina morsitans, maana ndiye aliyechunguzwa zaidi kwa jambo hili.

Ondoa kwanza yale ya kawaida

Joto la chumba liwe karibu nyuzi 24 hadi 25 za Selsiasi, na unyevu asilimia 75 hadi 80. Damu iwe na joto la mwili wa mnyama pale inapofunikwa kwa utando wa silikoni na vizimba kuwekwa juu yake. Uliza pia kama kuna aliyepulizia dawa ya mbu kwenye korido. Swali hilo linaudhi watu wa usafi, lakini liulize.

Umeme ukikatika usiku kucha msimu wa joto, majike wataharibu mimba na bakteria hawana kosa lolote. Trei itakuonyesha: mayai na mabuu machanga yaliyotoka kabla ya wakati. Kama mimba zilizoharibika ni nyingi na zimekuja kwa ghafla, shughulika na mazingira. Kama uzazi unateremka polepole wiki hadi wiki, au kizazi kimoja kiko sawa na kinachofuata hakiko sawa, basi tatizo huenda liko kwenye yanayofuata hapa.

Nzi mzima yukoje ndani

Kwenye sehemu ya mbele ya utumbo wa kati wa mbung'o kuna mahali palipovimba kwa umbo la herufi U. Hiyo ndiyo bakteriomu. Imejengwa kwa seli kubwa ziitwazo bakteriosaiti, na ndani ya seli hizo wamejaa bakteria wa aina moja, Wigglesworthia glossinidia, aliyepewa jina hilo mwaka 1995. Hawakufungwa ndani ya kifuko chochote, wanaishi wazi katika ute wa seli.

Damu ina protini tele lakini vitamini za kundi B ni haba, na mbung'o hali kitu kingine maisha yake yote. Wigglesworthia ndiye anayemtengenezea vitamini hizo. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi zipatazo 700,000 tu, wakati E. coli wa maabara ana milioni 4.6. Amepoteza mengi, hata jeni ya dnaA ambayo bakteria wengi huitumia kuanzisha kunakili DNA yao, lakini jeni za kutengeneza vitamini B amebaki nazo. Huwezi kumtoa ukamkuza kwenye sahani ya maabara.

Kwa hiyo seli haikumpa nafasi ya kukaa tu. Inamlisha, inapitisha vitamini kwenda sehemu nyingine za mwili kwa protini maalumu za usafirishaji, na inamlinda dhidi ya kinga ya nzi mwenyewe. Kazi hii ya mwisho inastahili maneno zaidi. Mbung'o hutambua bakteria kwa vipande vya ukuta wao, peptidoglikani. Vipande hivyo vikionekana, mwili huamsha kinga na kumwaga kemikali za kuua bakteria. Bakteriomu hutengeneza kwa wingi protini iitwayo PGRP-LB, ambayo huvikatakata vipande hivyo hadi visitambulike tena. Ni kama mwenyeji anayefagia nyayo za mgeni wake kabla majirani hawajaziona. Watafiti walipoizima jeni ya protini hiyo, kinga iliamka na idadi ya Wigglesworthia ikashuka. Hapo bakteria hakuwa mgonjwa. Seli ndiyo iliyoacha kumtunza.

Sasa jambo la kushika kuliko yote: Wigglesworthia wako mahali pawili. Kundi moja liko ndani ya bakteriosaiti. Kundi la pili liko kwenye tezi ya maziwa ya jike, nje ya seli, likielea ndani ya maziwa yenyewe. Mbung'o hatagi mayai. Hulea buu mmoja kwa wakati ndani ya mfuko wa uzazi, akimnyonyesha maziwa ya tezi hiyo, na kwa maziwa hayo buu hupata bakteria wake. Kundi la kwanza humlisha mama na kundi la pili humrithisha mtoto. Dawa inaweza kuua moja na kuliacha jingine, na hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea.

Dalili: majike wananyonya vizuri, hawazai kabisa

Jike mzima aliyepandwa mapema huzaa buu wa kwanza akiwa na siku 18 hadi 20, kisha mmoja kila baada ya siku 9 au 10. Ukifika siku ya 25 na trei ni tupu, shuku tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria.

Tetrasaiklini hupenya ndani ya seli, hivyo inaua makundi yote mawili. Günter Nogge alionyesha mwaka 1976 kwamba mbung'o waliopoteza bakteria wao huwa tasa. Baadaye akaenda mbali zaidi: aliwachanja sungura kwa bakteria hao hadi damu yao ikawa na kingamwili dhidi yao, kisha akawalisha mbung'o kwa sungura hao. Bakteria wakatoweka, uzazi nao ukatoweka.

Kwetu tetrasaiklini haiji kwa jaribio. Inakuja na damu ya machinjioni. Ng'ombe akiumwa, mfugaji anamdunga OTC, yaani oksitetrasaiklini. Asipopona anampeleka sokoni haraka kabla hajamfia. Damu yake inakorogwa isigande, inapigwa mionzi kuua vijidudu, inagandishwa, inapewa namba ya chupa. Mionzi haiondoi dawa. Kugandisha pia hakuiondoi. Ukipima vijidudu utaona chupa ni safi, na kweli ni safi, lakini ina sumu kwa bakteria unaowahitaji.

Jinsi ya kuthibitisha: gawa majike wapya wa umri mmoja makundi mawili. Kundi moja lipe damu inayoshukiwa, lingine damu ya mnyama unayejua historia yake. Subiri siku 25, uhesabu pupa na kuwapima uzito. Ndicho kipimo cha kawaida cha ubora wa damu kwenye vituo vikubwa vya ufugaji, na sioni sababu ya kituo kidogo kukiruka eti kinachelewesha kazi.

Kuna jaribio jingine linalotenganisha sababu vizuri. Ongeza dondoo la hamira, gramu 1 kwa kila mililita 100 za damu. Hamira ina vitamini B. Majike waliopoteza Wigglesworthia wakipewa damu hiyo huanza kuzaa tena, ingawa si kwa kiwango cha wazima. Uzazi ukirudi kwa hamira, umejua kwamba kilichokosekana ni kazi ya bakteria. Kama haukurudi, usifunge jalada bado. Soma hapo chini sehemu ya hamira isiyorudisha uzazi, inayohusu bakteria mwingine, Wolbachia.

Dalili: mama wanazaa, mabinti zao ni tasa

Hii ndiyo inayosumbua kuliko zote, kwa sababu ukifika kuiona, chanzo kimeshapita zamani.

Ampisilini, dawa nyingine ya kuua bakteria, haipenyi vizuri ndani ya seli za mnyama. Mama anayekula damu yenye ampisilini mlo baada ya mlo anabaki na bakteria wake wa bakteriomu, maana seli imewakinga. Vitamini zinaendelea kupatikana, anazaa kama kawaida, pupa wanaonekana wazuri. Lakini wale wa kwenye maziwa hawana seli ya kuwaficha, hivyo wanakufa. Buu ananyonya maziwa yasiyo na Wigglesworthia. Akikua anakuwa nzi mwenye bakteriomu isiyo na wenyewe. Jaribio hili lilichapishwa mwaka 2008: mabinti hao walikuwa tasa, damu waliimeng'enya kwa shida, na tripanosoma, vimelea vya nagana na malale, waliwaingia kirahisi zaidi.

Piga hesabu ya muda. Pupa hukaa udongoni au kwenye mchanga wa trei karibu siku 30 katika joto la nyuzi 24 hadi 25. Nzi akitoka anahitaji siku nyingine 18 hadi 20 kabla ya kuzaa. Kwa hiyo utagundua utasa siku 50 hivi baada ya mama yao kula damu mbaya, na damu unayolisha leo huenda ni nzuri kabisa. Usiimwage. Fungua daftari la damu, rudi nyuma miezi miwili, tafuta chupa zilizolishwa wakati mabinti hawa walipokuwa tumboni. Ndiyo maana ninasisitiza kuhifadhi mililita chache za kila chupa kwenye friza hata baada ya chupa kuisha. Bila sampuli hiyo utabaki kubahatisha.

Mama wenyewe usiwatupe. Bakteria wa ndani ya seli zao wapo. Mabinti ndio wa kuondoa, kwa kuwa hawana cha kurithisha.

Dalili: mimba zinachelewa, pupa wanapungua uzito

Hapa bakteria huenda wapo, ila hawafanyi kazi yote. Dawa za salfa ndizo za kufikiria, kwa sababu huzuia bakteria kutengeneza foleti, vitamini B9. Kwenye majaribio ambako utengenezaji wa foleti ulizuiwa, mabuu yalikawia kukua na idadi ya watoto ikashuka. Foleti ilipoongezwa kwenye damu, hali ikawa nafuu. Salfa hutumika sana kwa mifugo, hivyo rudi tena kwa aliyekuuzia damu umuulize.

Vitamini nyingine ya kuangalia ni B6. Mbung'o harukii kwa sukari, anarukia kwa prolini, asidi amino ambayo misuli yake huichoma ikigeuka alanini. Kuitengeneza upya prolini kunahitaji B6, na B6 inatoka kwa Wigglesworthia. Majike wasio na bakteria walipopimwa, prolini yao ilikuwa pungufu. Kwa hiyo ukiona pupa wepesi pamoja na nzi wavivu wa kuruka kizimba kikitikiswa, dalili hizo mbili zichukue pamoja.

Dalili: PCR inasema bakteria wapo

PCR ni kipimo kinachotafuta DNA, kwa hiyo uliza imepima bakteria gani. Vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza kipimo, vikiwa vya jumla vinavyonasa bakteria wa kila namna vitamnasa pia Sodalis glossinidius, mwenza wa pili wa mbung'o, anayeishi kwenye tishu nyingi, ndani na nje ya seli. Kwenye lile jaribio la ampisilini, Sodalis alibaki huku Wigglesworthia akiwa ametoweka. Jibu la "wapo" lilikuwa kweli na halikusaidia kitu. Sodalis hawezi kuziba pengo: hata thiamini, vitamini B1, hawezi kujitengenezea, huitegemea iliyopo mwilini mwa nzi.

Tumia vianzio vya jeni ya Wigglesworthia mwenyewe, thiC kwa mfano, na ulinganishe na jeni ya nzi kama tubulini, ili upate uwiano na si "ndiyo" au "hapana" tu. Pima bakteriomu na tezi ya maziwa kila moja peke yake. Ukisaga nzi mzima umechanganya makundi mawili uliyokuwa unataka kuyatenganisha.

Kumfungua nzi si kazi ngumu. Mlaze kwenye barafu hadi atulie, ondoa mabawa na miguu, mweke kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini. Bana kifua kwa kibanio kimoja, kwa kingine shika ncha ya tumbo uvute taratibu bila kushtukiza. Utumbo utafuata, mwekundu au mweusi kutegemea alinyonya lini. Ufuate kuelekea mbele mpaka ukute kipande kifupi kinene, cheupe, kisichopitisha mwanga, chenye pindo. Kikate pande zote mbili. Kwa jike, angalia na mfuko wa uzazi kabla hujamaliza: una yai, buu, au ni mtupu? Matawi ya tezi ya maziwa, meupe na membamba, yametapakaa kuzunguka tumbo yakishikana na mafuta. Weka karibu nzi mzima wa umri uleule wa kulinganisha, na usitoe uamuzi kwa macho tu, maana kiungo chaweza kuwapo na wakazi wasiwepo.

Dalili: vijana wanakufa ovyo, majeraha hayafungi

Mabinti na madume waliokua bila Wigglesworthia wanaweza kuonekana wa kawaida wakitoka kwenye pupa. Kinachokosekana ni kinga. Bakteria lazima wawepo wakati buu anakua ndipo mfumo wa kinga ukomae. Kuwapa vitamini ukubwani hakurudishi jambo hilo. Nzi hao wana upungufu wa chembe za damu, na E. coli ambaye nzi mzima humshinda bila shida huwaua.

Jaribio rahisi: mchome nzi mkubwa kwa sindano nyembamba iliyotakaswa, kwenye ngozi, usiguse utumbo. Kwa nzi mzima, tone la damu yake hugeuka jeusi na jeraha hufunga. Kwa aliyekua bila bakteria, weusi hautokei na majimaji yanaendelea kuchuruzika. Chukua nzi kadhaa na kundi la kulinganisha, kwa sababu mkono mzito nao unaua.

Hapa ndipo hamira inapodanganya. Ukiwalisha mama tasa damu yenye hamira wakazaa, trei itajaa na ripoti itapendeza, lakini kizazi hicho hakina kinga iliyokomaa. Watafiti waliwalisha mama wasio na bakteria dondoo la bakteriomu za nzi wazima wakiwa na mimba, na watoto wao wakapata kinga, ijapokuwa hawakuwa na Wigglesworthia hai. Kwa utafiti ni njia nzuri. Kwa ufugaji wa kila siku, mimi ningeanza upya na pupa wa kundi safi.

Kwenye mbinu ya kuachilia madume tasa porini ili mbung'o wapungue, uzembe huu una gharama nyingine. Nzi asiye na Wigglesworthia hajengi sawasawa ule utando unaozunguka damu ndani ya utumbo, na tripanosoma hupata upenyo. Dume naye hunyonya damu, kwa hiyo anaweza kubeba vimelea vya nagana na malale. Ndiyo maana madume wa kuachiliwa hulishwa kwanza damu yenye dawa ya kuua tripanosoma. Unguja ilifanikiwa kwa njia hii, madume wa Glossina austeni wakifugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege kuanzia 1994, mpaka mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa 1996. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kuendeshwa na kundi ambalo kila kizazi kinapungukiwa bakteria.

Dalili: hamira imewekwa, uzazi haujarudi

Tetrasaiklini imemuua pia Wolbachia, bakteria wa tatu, kwa spishi zinazombeba kama G. morsitans. Jike aliyempoteza Wolbachia akipandwa na dume ambaye bado anaye, mayai hufa mapema. Vitamini hazina la kufanya hapo. Wape majike hao madume waliopitia matibabu yaleyale, uone kama pupa wataanza kuonekana. Wakionekana, umepata jibu, na umejua pia kwamba majike hao hawafai kurudishwa kwenye kundi kubwa.

Usichukue kanuni za wadudu wengine

Ukisoma habari za fukusi wa nafaka wa jenasi ya Sitophilus utakuta kwamba seli zao huwaachia bakteria waongezeke fukusi akiwa kijana anayejenga gamba gumu, kisha gamba likikamilika zinawameng'enya. Kwa fukusi hiyo ni afya. Jike wa mbung'o anahitaji vitamini kwa kila mimba hadi anakufa, kwa hiyo bakteriomu iliyopungua kwake ni kasoro. Kwa vidukari nako, joto kali linaweza kuwaua bakteria wao, Buchnera, ndani ya seli bila kidukari mwenyewe kufa; hilo ni la kukumbuka pale kiyoyozi kinaposumbua, lakini kwa mbung'o tafuta kwanza mimba zilizoharibika, maana zitaonekana mapema.

Dalili: tezi za mate zimevimba

Ukifungua nzi, hasa G. pallidipes, ukakuta tezi za mate nene kupita kiasi na madume wana korodani zilizonyauka, acha mambo ya bakteria. Huyo ni kirusi cha tezi za mate, na amewahi kuangusha makundi mazima ya ufugaji. Huenea pale vizimba vingi vinaponyonya kwenye damu ileile mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa nzi huacha mate kwenye utando. Kila kundi la kuzalisha lipewe damu mpya kabla ya wengine, na dawa ya valasiklovia kwenye damu imepunguza kirusi hicho kwenye makundi yaliyokwisha ambukizwa. Dawa hiyo inalenga kirusi. Si kiuavijasumu cha kuwaua Wigglesworthia, hivyo uzazi ukishuka ukiwa unaitumia, rudi kwenye daftari la damu.